Wasakitu: kuunda watu wa nchi ya barafu kwa ajili ya meza ya mchezo

Katika nchi ya barafu, hatari huanza na joto. Mtu anatembea haraka, mzigo mgongoni na manyoya mazito mwilini, na baada ya nusu saa jasho linamchuruzika kwenye uti wa mgongo. Anajisikia vizuri kabisa. Anasimama kupumzika. Jasho linapoa, nguo ya ndani inagandamana na ngozi, manyoya yaliyolowa yanalala na kuacha kushika hewa, na kabla ya saa kuisha meno yanagongana. Mwenyeji wa nchi hiyo hutembea taratibu, hufungua ukosi kabla hajaona joto, na akimwona mgeni anapanda mlima mbio mbio humwambia apunguze mwendo.

Jasho ni kipimo kizuri. Ukimuuliza msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, yule anayeongoza hadithi mezani, watu wake wa barafu wanaogopa nini, akakutajia dubu, majitu na dhoruba tu, basi amechora watu wenye manyoya na mashoka, akapaka weupe nyuma yao. Akikutajia jasho, soksi mbichi na taa iliyozimika, amekwisha kuanza kuishi nao.

Makala haya yanahusu namna ya kuunda kabila la namna hiyo kwa mchezo wa kuigiza wahusika: watu wa kale, wasiofua chuma wala kulima, wanaoishi baridini kwa sababu ndiko nyumbani. Nitawaita Wasakitu, kutokana na sakitu, ule umande unaoganda alfajiri. Kanuni nitakazotoa zinakaa vizuri juu ya mchezo wa Dungeons & Dragons toleo la 5, la mwaka 2014, kwa kuwa ndizo wachezaji wengi wanazijua, lakini ukizipenda utazihamishia popote.

Tuanze na kosa lililo kwenye kanuni zenyewe. Toleo hilo linasema hivi: hali ya hewa ikifika nyuzi sifuri za Fahrenheit au chini yake, yaani kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, kila mwisho wa saa mhusika aliye nje anarusha kete ya pande 20, anaongeza nyongeza ya Ustahimilivu wake, yaani uimara wa mwili, na asipofikisha 10 anapata daraja moja la uchovu. Madaraja ni sita, na la sita ni kifo. Mpaka hapo hakuna ubaya. Kisha inaongezwa kwamba mwenye mavazi ya baridi anafaulu bila kurusha kete, na kiumbe aliyezoea nchi za baridi naye anafaulu bila kurusha kete.

Matokeo yake yanasikitisha. Mchezaji anachagua mtu wa barafu ili acheze baridi, na kanuni inamwambia kwamba baridi haimhusu tena. Watu ambao kila mshono, kila mlo na kila neno lao limezaliwa na baridi wanageuka kuwa watu pekee mezani wasiofikiria baridi hata kidogo. Kisha, ili kufidia zawadi hiyo, mwandishi anawapunguzia Akili. Huo ndio mtindo uliozoeleka: nguvu juu, akili chini, baridi haiwagusi. Nauona ni mtindo mbovu kwa mchezo, na pia si kweli.

Mwili

Tazama kwanza watu halisi waliokaribia sura hiyo. Mifupa iliyowapa Waneanderthali, binadamu wa kale waliotoweka, jina lao ilipatikana mwaka 1856 katika bonde la Neander, Ujerumani. Waliishi Ulaya na sehemu za Asia hadi kama miaka 40,000 iliyopita. Walikuwa wafupi kiasi, wenye kifua kipana kama pipa, mifupa minene, mikono mifupi kutoka kiwiko kwenda chini, na miundi mifupi. Ubongo wao ulikuwa na ukubwa kama wetu. Katika pango la Shanidar, Iraki, kulikutwa mifupa ya mwanamume ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umedhoofika na sehemu ya chini haipo, alikuwa amepigwa pigo zito kando ya jicho la kushoto, na alichechemea. Majeraha hayo yalikuwa yamepona miaka mingi kabla hajafa. Mtu kama huyo hawezi kuwinda peke yake. Kuna watu waliomlisha, wakamngoja njiani, wakampa nafasi karibu na moto.

Umbo lao lina sababu. Joto la mwili huzalishwa na ujazo na hupotea kupitia uso wa ngozi, hivyo mwili mnene wenye ncha fupi huhifadhi joto kuliko mwembamba wenye ncha ndefu. Mjerumani Carl Bergmann aliandika kuhusu ukubwa wa wanyama wa nchi za baridi mwaka 1847, na Mmarekani Joel Allen akaongeza habari ya masikio, mikia na miguu mifupi mwaka 1877. Kwa Wasakitu, basi, weka mwanamume wa kawaida sentimita 165 na kilo 80, mwanamke sentimita 155 na kilo 68. Miguu mifupi ina maana ya hatua fupi: mwendo wao uwe futi 25 kwa zamu badala ya 30, ila theluji isiwahesabie kuwa ardhi ngumu kupita.

Kwenye alama zao za uwezo waongezee: Ustahimilivu +2, Hekima +1. Akili usiiguse. Wape pia mikono inayofanya kazi baridini. Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza jambo la ajabu linalotokea kwenye vidole vilivyozamishwa ndani ya maji ya barafu: mishipa hujifunga, kisha baada ya dakika chache hujifungua na kumwaga damu ya moto, kisha hujifunga tena, kwa mzunguko. Waliokulia baridini na wanaofanya kazi kwa mikono mitupu huwa na mwitikio huo kwa nguvu zaidi. Kwenye karatasi ya mhusika andika: Msakitu anaweza kufanya kazi ya vidole, kama kufunga fundo, kushona au kutega mtego, kwa dakika 10 bila glavu katika baridi yoyote ya kawaida pasipo adhabu. Mgeni anarusha kete mbili na kuchukua iliyo ndogo.

Udhaifu wao utoke palepale nguvu zao zinapotoka. Mwili unaoshika joto hauliachii kwa urahisi. Hali ya hewa ikizidi nyuzi 25 za Selsiasi, kila saa ya kazi nzito au ya kuvaa deraya Msakitu arushe kete ya Ustahimilivu, afikishe 12 au apate daraja la uchovu. Na mwili huo unakula: mahitaji yake ya chakula ni mara mbili ya mtu wa kawaida. Mchezaji atakayemshusha Msakitu wake hadi bandari ya kusini atayakumbuka yote mawili siku ya kwanza.

Akiba ya joto

Badala ya kufaulu bila kete, wape watu wote mezani akiba ya joto. Ni hesabu ndogo, inakaa pembeni mwa karatasi, na inafanya kazi kwa Msakitu na mgeni vilevile.

Akiba ni 6, jumlisha nyongeza ya Ustahimilivu. Kila saa nje, baridi inataka malipo: 1 kwa baridi ya kawaida ya kuganda, 2 kwa baridi kali ya nyuzi 18 chini ya sifuri na kushuka. Upepo ukivuma unaongeza 1. Aliyelowa hadi kwenye ngozi anaongezewa 3, kwa sababu maji hunyonya joto kutoka mwilini kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Kisha unatoa kinga: vazi kamili la tabaka mbili linaondoa 3, koti zito la mjini linaondoa 1, mwili wa Msakitu unaondoa 1. Kinachobaki ndicho kinachopungua kwenye akiba. Akiba ikifika nusu, vidole vinakufa ganzi na kila kazi ya mikono inakuwa ya kete mbili, ndogo ndiyo inayohesabiwa. Ikifika sifuri, kila saa inayofuata ni daraja moja la uchovu bila kujitetea.

Jaribu kwa dhoruba kali: 2 na upepo 1, jumla 3. Mgeni mwenye koti la mjini anapoteza 2 kwa saa. Akiba ya 6 inaisha kwa saa tatu. Msakitu mwenye nyongeza ya Ustahimilivu ya +2 akivaa koti hilohilo anapoteza 1, na saa nane ziko mbele yake. Lakini mvalishe yule mgeni vazi la Wasakitu, naye hapotezi chochote. Hapo ndipo hesabu inapozungumza: mwili una thamani ya 1, mshono mzuri una thamani ya 3. Nguvu kubwa ya watu hawa iko kwenye sindano.

Sasa rudisha jasho. Kila saa ya mwendo wa haraka, mapigano au kuvuta mzigo ndani ya vazi kamili, rusha kete ya pande 6. Ikitoka 1 au 2, vazi limelowa kwa ndani na kinga yake inapungua kwa 1 hadi likaushwe. Msakitu, au yeyote aliyefundishwa naye na anayekubali kwenda nusu mwendo, harushi kete hiyo. Wachezaji watagombana kati ya haraka na ukavu, na ugomvi huo ndio mchezo wenyewe.

Ukitumbukia kwenye barafu iliyovunjika, kanuni ya 2014 inakupa dakika sawa na alama yako kamili ya Ustahimilivu, si nyongeza yake, kabla ya maji kuanza kukuumiza. Iache hivyo. Hatari kubwa inakuja ukishatoka: vazi halina kinga tena, baridi kali ni 2, kulowa ni 3, upepo 1. Msakitu yule mwenye akiba ya 8 anapoteza 5 kwa saa. Kabla ya kukimbilia kambini ajigaragaze kwanza kwenye theluji kavu ya unga, ambayo hunyonya maji kabla hayajaganda, kisha ayapige manyoya kwa fimbo kuondoa barafu. Mwenye kujua hilo na kulifanya ndani ya dakika moja, hesabu kulowa kwake kuwa 1 badala ya 3.

Kujaza akiba: saa moja ndani ya makazi yenye taa inarudisha 2, na mlo wa mafuta unarudisha 1. Kula theluji kunaondoa 1 kwa kila lita. Kuyeyusha kilo moja ya barafu na kuipasha hadi joto la mwili hugharimu kilokalori 117 hivi, na zinatoka kifuani mwako. Kiu baridini ni kitu halisi: maji yametanda pande zote na huwezi kuyanywa bila moto.

Vazi, kwa karibu

Vazi la Wasakitu liwe na tabaka mbili za ngozi ya kulungu wa Aktiki, zile nchi za ncha ya kaskazini ya dunia. La ndani linavaliwa manyoya yakigusa mwili, la nje manyoya yakitazama dunia. Unywele wa kulungu huyo una uwazi ndani uliojaa hewa, ndiyo maana ngozi yake ni nyepesi na bado inashika joto kuliko nyingine nyingi. Ngozi nzuri ni ya mnyama aliyewindwa kati ya kiangazi na majira ya baridi. Ya kiangazi ina manyoya mafupi, na ya mwisho wa majira ya baridi ina manyoya yanayong'oka. Vazi zima la mtu mzima liite ngozi saba. Familia ya watu watano, basi, lazima iwinde wanyama zaidi ya thelathini katika majuma machache ya mwaka, mbali na wa kula. Windo hilo likikosekana, umepata kampeni, yaani hadithi ya vikao vingi, ya miezi minne bila kuongeza jitu hata moja.

Uzi ni kano kavu ya mgongoni iliyochanwa nyuzi nyembamba kwa meno na ukucha. Sindano ni mfupa uliosuguliwa kwenye jiwe, na tundu lake hutobolewa kwa ncha ya gumegume kabla sindano haijapunguzwa unene. Ukitoboa mwishoni inapasuka. Ubora wa kano ni huu: ikilowa inavimba, ikajaza tundu la sindano, maji yasipite. Kwenye kiatu cha ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, mshonaji anapitisha sindano nusu tu ya unene wa ngozi, kipande cha juu na cha chini, ili uzi usitokeze upande wa pili. Akikosea mara moja, akatoboa mpaka nje, tundu hilo litaingiza maji, na kidole cha mwindaji kitaganda usiku wa pili. Ndani ya kiatu wanaweka majani makavu yaliyopondwapondwa, yanayonyonya unyevu na kubadilishwa kila jioni.

Kando ya kofia iliyoshonwa pamoja na vazi, pumzi huganda na kufanya barafu. Watu wa Aktiki hupenda kuweka hapo manyoya ya wolverini, mnyama mla nyama wa kaskazini, kwa kuwa barafu yake hukung'utwa kwa urahisi. Kwa macho, kipande cha mfupa au pembe chenye ufa mwembamba wa kutazamia. Bila hicho, mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji huunguza macho na mtu hukaa kipofu siku moja au mbili, akisikia kama amemwagiwa mchanga.

Sindano zenye tundu ni za zamani sana. Zilikwisha kutumika Siberia zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Huko Sungir, Urusi, makaburi ya kama miaka 34,000 yalikutwa na shanga zaidi ya 10,000 za pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, nyingi zikiwa zimeshonewa kwenye mavazi. Hao ndio watu ambao kitabu cha mchezo kingewapunguzia Akili.

Chakula

Gramu ya mafuta ina kilokalori 9, gramu ya protini ina 4. Mtu mzima anayefanya kazi baridini anahitaji kama kilokalori 4,000 au 5,000 kwa siku. Akijaribu kuzipata kutoka kwa nyama isiyo na mafuta pekee, atatafuna karibu kilo nne, na mwili hauwezi kuichakata protini yote hiyo. Ini linalemewa. Wasafiri wa kaskazini waliijua hali hiyo kuwa ni njaa ya mla sungura, kwa kuwa sungura wa majira ya baridi hana mafuta: mtu anakula mpaka tumbo linatuna, anaharisha, kichwa kinamuuma, na njaa haikatiki. Kwenye mchezo, siku saba bila mafuta zihesabiwe kama siku bila chakula hata kama nyama ipo tele.

Kwa hiyo mgeni wa heshima kwa Wasakitu hapewi mnofu. Anapewa uboho, shahamu ya nyuma ya jicho, mafuta ya figo. Mchezaji anayemtupia mbwa mafuta na kujibakizia steki amefanya jambo la kuaibisha, na wenyeji wote watalitazama. Vitamini C wanaipata kwa kula baadhi ya viungo vibichi, hasa ini. Ini la dubu mweupe haliguswi: lina vitamini A nyingi kiasi cha kumwumiza mlaji vibaya, kutapika na ngozi kubambuka. Ukiwa na kundi la wahusika wenye njaa waliomuua dubu bila mwenyeji wao kuwepo, tayari una kisa cha jioni nzima.

Kundi la watu 25 linataka kama kilokalori 100,000 kwa siku. Kulungu mmoja mwenye kilo hamsini za kuliwa anatoa 60,000 hadi 75,000. Ni karibu kulungu kumi kwa wiki. Usiandike mji wa Wasakitu 2,000 wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima, isipokuwa kuna mto wa samaki au pwani ya sili na nyangumi kandoni.

Nyumba ya theluji

Wasakitu wa pwani wajenge kwa theluji. Wa bara wanaweza kutumia mifupa: huko Mezhyrich, Ukraine, watu wa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita walijenga makazi kwa mifupa ya mamothi. Ila nyumba ya theluji inafaa zaidi mezani, kwa sababu inajengwa na kuharibika ndani ya kikao kimoja.

Theluji itoke kwenye lundo moja lililopigwa na upepo, ngumu kiasi kwamba mguu unaacha alama ndogo tu. Mzee huichoma kwa fimbo nyembamba: ikiingia kwa kasi ileile mpaka chini, inafaa, ikikwama kisha ikazama ghafla, kuna tabaka mbili za dhoruba mbili tofauti na tofali litagawanyika mkononi. Chora duara la mita tatu kwa watu wanne au watano. Mjenzi anakaa ndani na kukata matofali kutoka sakafuni pake, urefu sentimita 60, kimo 40, unene 15, kwa kisu kirefu cha pembe. Kwa namna hiyo sakafu inashuka kadiri ukuta unavyopanda. Duara la kwanza likikamilika, linakatwa mteremko kuanzia chini hadi juu, ili matofali yanayofuata yapande kwa mzunguko kama mkeka unaosukwa kutoka katikati. Kila tofali linaegemea ndani, nalo linashikwa na mwenzake wa pembeni. La mwisho, lile la kufunga kuba, linapitishwa kwa kulisimamisha wima, kulilaza juu, kisha kulishusha likikatwa kingo mpaka likae. Msaidizi aliye nje anaziba nyufa kwa theluji laini. Mafundi wawili humaliza kwa saa moja hivi.

Makosa yanayoharibu kazi yanajulikana. Mlango ukiwa usawa mmoja na kitanda, hewa ya moto inatoka yote. Njia ya kuingilia lazima iwe chini kuliko jukwaa la kulalia, kwa kuwa baridi huzama na joto hupanda. Kuba likiachwa na mabonde ndani, maji yanadondoka kwenye matandiko. Likilainishwa, yanateremka ukutani na kuganda. Na tundu la hewa likizibwa na dhoruba usiku, taa ya mafuta ya sili inaanza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliye macho anasikia kichwa kizito na kuona mwali unafifia. Aliyelala hasikii kitu. Kila usiku wa dhoruba, basi, mtu mmoja anakesha na fimbo ya kuzibua tundu. Wahusika wageni wakikataa zamu hiyo kwa sababu hawaoni adui wa kulinda dhidi yake, kila aliyelala arushe kete ya Ustahimilivu afikishe 13, la sivyo haamki mpaka atolewe nje.

Taa yenyewe ni jiwe lililochongwa kama nusu ya mwezi, mafuta katikati, utambi wa kuvumwani kavu kwenye ukingo. Utambi unachokorwa kila mara kwa kijiti. Ukirefuka unafuka moshi, ukifupika unazima. Bila taa hakuna maji ya kunywa na hakuna nguo inayokauka. Ukitaka adui wa Wasakitu awatishe kweli wachezaji, mfanye aibe jiwe hilo.

Chuma kutoka mbinguni

Kusema watu hawafui chuma hakumaanishi hawakijui. Kule Greenland, Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wa eneo la Cape York walikuwa na vipande vya kimondo cha chuma, wakavigonga kwa mawe magumu bila moto, wakapata mabamba madogo ya kutia makali kwenye visu vya mfupa na vichwa vya chusa. Kipande kikubwa kabisa, tani 31, kilichukuliwa na mpelelezi Mmarekani Robert Peary mwaka 1897 na kiko New York hadi leo. Sijui mbegu bora ya kampeni kuliko hiyo: jiwe lililowapa watu makali yao kwa vizazi, na meli ya wageni iliyokuja kulibeba.

Deraya ya chuma kwa Wasakitu ni kitu cha kushangaza. Ngozi yenye unyevu hushikana na chuma kilichoganda na kubambuka, na chuma hunyonya joto kupitia nguo. Kwa hesabu yetu, deraya ya chuma iongeze malipo ya saa kwa 1. Na kuhusu sleji, chombo cha kukokotwa juu ya theluji, pasipo miti, Wainuit wa Netsilik walifunga samaki kwa ngozi zilizolowa, wakaziacha zigande, wakazitumia kama miguu ya sleji. Majira yakibadilika, sleji iliyeyuka na samaki wakaliwa.

Jambo moja nalisisitiza. Mbinu hizi ni za watu waliopo, wenye majina, lugha na mahakama zao. Chukua mshono, taa na kuba, kwa kuwa fizikia ni ya wote. Nyimbo zao takatifu, majina ya roho zao na chale za nyuso zao ziache. Wasakitu wawe na dini iliyotungwa kutokana na maisha yao wenyewe, hutakosa malighafi.

Malighafi ya kwanza ni salamu. Wasakitu wakikutana hawaulizani habari. Mkubwa anauliza, "Miguu mikavu, mwanangu?" na mdogo anajibu, "Mikavu, bibi," au, "Wa kushoto umelowa." Jibu la pili halina aibu. Likishatamkwa, msafara mzima unasimama, mtu anafungua vazi lake, na mguu mbichi unapashwa joto juu ya tumbo la mwenzake mpaka vidole vianze kuuma, maana maumivu ni damu inayorudi. Inagharimu akiba 1 kwa anayepasha na dakika 20 kwa wote. Anayedanganya ili asicheleweshe wenzake, jambo ambalo mashujaa wageni hulifanya kila mara, anarusha kete ya Ustahimilivu kwa siri, msimamizi pekee akiona, afikishe 12. Akishindwa, jioni kiatu kikivuliwa kidole kimekuwa cheupe na kigumu kama nta, na bibi yule hamkemei. Anauliza tu nani alikuwa nyuma yake njiani na hakumuuliza mara ya pili.